Daftari la mali lililomsingizia kijana wa watu

Najua nimepotea kwa majuma kadhaa, na wengine mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kuandika au nimehama mji. Sijahama. Nimekuwa nikizunguka kati ya Kibera na Kawangware na mkoba uliojaa bisibisi na vibandiko, nikirekebisha kosa ambalo nililifanya mwenyewe. Leo nataka kuwasimulia kosa hilo, maana linahusu jambo ambalo mafundi wengi wa kompyuta huliona dogo mno la kuandikiwa: namna ya kuunda aina za mali ndani ya programu ya kusimamia kompyuta na vifaa vyake. Najua, hata kulitaja tu kunaleta usingizi. Vumilieni kidogo, kuna mtu alipoteza kazi hapa.

Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Ni kweli kabisa. Lakini daftari la wazee lilikuwa la karatasi, na aliyeliandika alikuwa akivijua vitu vyake kwa sura. Daftari la kompyuta lina hatari yake ya pekee: likipangwa vibaya, watu huliamini hata pale linapodanganya, kwa sababu limetoka kwenye mashine na lina rangi nzuri.

Mwaka 2022 niliombwa kusaidia kituo kimoja cha kufundisha vijana kompyuta pale Kibera, upande wa Laini Saba. Sitakitaja jina. Kilikuwa na laptopu 18 za mtumba zilizotoka kwa mfadhili, projekta moja, printa mbili, raota, na inveta yenye betri kubwa ya kuvumilia stima inapokatika. Mfadhili alitaka ripoti ya vifaa kila mwaka. Nikawawekea Snipe-IT. Kwa wasioijua, hii ni programu huria ya kusimamia mali za kompyuta, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Alison Gianotto wa Marekani. Hulipi kitu ukiiweka kwenye seva yako mwenyewe, na imeandikwa kwa PHP, kwa hiyo hata seva ya bei nafuu inaiweza. Mpaka leo naipenda na sina ugomvi nayo.

Ukiifungua mara ya kwanza utakuta imegawa dunia katika mafungu makuu matano: mali zenyewe, leseni za programu, vifaa vya ziada kama kibodi na mausi, vitu vinavyotumika vikaisha kama wino wa printa, na vipuri kama RAM na diski. Ndani ya mafungu hayo ndipo wewe unaunda aina zako. Tofauti ya mafungu si ya majina tu. Kitu kikiwa mali, kila kimoja kina nambari yake, historia yake, kumbukumbu ya matengenezo yake na jina la aliyekabidhiwa. Kikiwa kipuri, programu inahesabu idadi: una diski kumi, nne ziko ndani ya mashine fulani na fulani, sita zimebaki kabatini. Ni diski ipi hasa iliyo ndani ya mashine ipi? Hapo programu inanyamaza.

Mimi siku ile nilikuwa na haraka. Niliunda aina ya Laptopu, Projekta, Printa, Raota, basi. Diski na RAM za akiba nikaziingiza kwenye vipuri kwa idadi. Orodha ya mfadhili ilikuwa na safu mbili za nambari za kiwandani, moja ya laptopu na moja ya diski iliyo ndani yake. Safu ya pili nikaiona ni urefu wa bure, nikaiacha. Nilimaliza kazi yote kabla ya saa nane mchana, nikanunuliwa chapati na maharagwe, nikapanda matatu nikijiona bingwa.

Sasa, yeyote aliyewahi kukaa na kompyuta za mtumba anajua zinavyoishi. Ofisini Upper Hill laptopu hununuliwa ikiwa mpya, hupewa mtu mmoja, hukaa naye miaka mitatu au minne, kisha hutolewa nzima kama ilivyoingia. Programu hizi ziliandikwa na watu waliozoea maisha hayo. Laini Saba laptopu haina mtu mmoja. Asubuhi inatumiwa na darasa la wanaoanza, mchana na wanaojifunza kuandika programu, jioni na mama wa chama anayetaka kuchapa barua. Ikifa kioo, haitupwi: diski yake inahamia kwenye mashine iliyokufa diski, RAM yake inakwenda kuongeza nguvu mashine ya tatu, chaja inakuwa ya wote, na gamba linabaki chini ya meza likisubiri kioo kipatikane mjini. Baada ya mwaka mmoja huwezi kuapa kwamba laptopu namba saba ndiyo ileile iliyoingia ikiwa namba saba.

Wenye matatu wanalielewa jambo hili kuliko sisi watu wa kompyuta. Angalia kitabu cha gari, kile tunachokiita logibuku: kina nambari ya chesisi na kina nambari ya injini, kila moja mahali pake. Ukibadilisha injini unatakiwa kuwajulisha NTSA ili kumbukumbu zibadilishwe. Waliotunga utaratibu huo walijua kwamba injini huhama. Mimi niliunda logibuku lisilokuwa na injini.

Mwaka 2023 wakaja wakaguzi waliotumwa na mfadhili, na orodha yao yenye safu mbili. Walikuwa wawili, watu wapole tu, hawakuja na ubaya. Walifungua laptopu sita kwa kuchagua bila mpangilio, na katika nne kati ya hizo nambari ya diski haikulingana. Laptopu mbili hazikuonekana kabisa. Wakamwuliza mkurugenzi, mkurugenzi akafungua Snipe-IT, na Snipe-IT ikasema kila kitu kiko sawa: laptopu 18, zote hali nzuri. Basi kama mashine inasema zipo na macho yanasema hazipo, lawama ikaenda kwa mwenye ufunguo wa chumba.

Mwenye ufunguo alikuwa kijana wa hapo hapo Kibera, fundi mzuri, aliyekuwa akizitengeneza mashine hizo kwa mikono yake kwa posho ndogo. Aliambiwa akae nyumbani uchunguzi ukiendelea. Hakuna aliyemwita mwizi mbele yake, lakini nyie mnajua mtaa ulivyo. Kabla ya jua kuchwa habari ilikuwa imefika Lindi na Silanga.

Mimi niliambiwa baada ya majuma matatu. Nilimpigia simu kabla sijaenda kituoni. Hakunitukana, ingawa ningestahili. Aliniambia tu, "Bosi, si ni wewe uliniambia kubadilisha diski ni jambo la kawaida? Nilikuuliza niandike wapi, ukasema hakuna haja."

Ni kweli, nilisema hivyo. Nakumbuka mpaka mahali tulipokuwa tumesimama.

Tulikutana kituoni siku ya Jumapili, mimi, yeye na mkurugenzi, tukapanga mashine zote mezani na kuzifungua moja moja kwa bisibisi. Ilichukua saa tano. Laptopu mbili zilizopotea zilikuwa chini ya meza ya nyuma, magamba matupu, vibandiko vyake vimebanduka kwa sababu nilitumia vibandiko vya karatasi (hili nalo ni kosa langu, na joto la mabati si mchezo). Diski zote nne tulizipata ndani ya mashine nyingine za kituo hicho hicho. Baadaye tuliipata na ya tano, iliyokuwa imekufa, ndani ya bahasha kwenye droo, na juu yake kijana ameandika tarehe kwa kalamu. Yeye alikuwa na daftari. Lilikuwa la bahasha na kalamu, na lilikuwa sahihi kuliko langu la seva.

Mkurugenzi alimwomba radhi na kumrudishia ufunguo. Kijana akauchukua, akafungua kabati, akatoa bisibisi zake mwenyewe, akaufunga ufunguo kwenye karatasi na kuurudisha mezani. Siku hizi anatengeneza simu karibu na soko la Toi. Sikumlaumu.

Tangu siku hiyo nimebadilisha namna ninavyofikiri kuhusu aina za mali, na hapa ndipo nataka ubishi wenu. Wengi wetu tunapoketi kuunda aina tunauliza: kitu hiki ni nini? Laptopu, projekta, swichi. Hilo ni swali la duka. Swali linalofaa ni: kitu hiki kikipotea au kikiharibika, nani ataulizwa, na ataulizwa nini? Kama kitu kina swali lake peke yake, kistahili aina yake na kila kimoja kiwe na nambari. Kama hakina, kiache katika idadi, hata kama ni cha bei kubwa.

Chukua diski. Diski huhama peke yake, hubeba siri za watu, na mfadhili ana nambari yake. Kwa hiyo pale Laini Saba nimeitoa kwenye vipuri nikaifanya mali kamili. Snipe-IT inaruhusu mali moja ikabidhiwe kwa mali nyingine, si kwa mtu peke yake. Diski inakabidhiwa kwa laptopu namba saba. Ikihamishwa, inarudishwa kutoka namba saba na kukabidhiwa namba kumi na moja, na historia inabaki pande zote mbili, pamoja na tarehe na jina la aliyefanya. Kijana yule angekuwa na hiyo, wakaguzi wangekunywa chai yao na kuondoka.

Kuhusu siri za watu: nimeiwekea diski kisanduku kinachouliza kama data imefutwa, nani kaifuta, lini. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na diski ya kituo cha vijana ina barua za kuomba kazi, nambari za vitambulisho na picha za watoto. Diski ikienda sokoni bila kufutwa, sheria haitauliza kama kituo chako ni kidogo. Na tukiwa hapo: niliwahi kukuta mahali mtu ameunda kisanduku cha nambari ya kitambulisho cha kila anayeazima laptopu, wazi kabisa, kila mwenye nywila anaisoma. Tafadhali msifanye hivyo. Jina la mtu na sahihi yake vinatosha. Ukilazimika kuweka jambo la siri, programu ina kisanduku cha kufichwa kwa usimbaji, kitumie.

RAM je? RAM nayo huhama. Lakini hakuna aliyewahi kuulizwa kuhusu RAM moja, na haibebi siri za mtu. Nimeiacha kwenye idadi. Mausi, idadi. Chaja nilibishana nayo sana. Chaja zinaibwa kuliko kitu chochote, lakini zinafanana, na ukibandika nambari kwenye chaja hamsini mwisho hakuna atakayezifuata. Idadi, na zihesabiwe kila Ijumaa.

Betri ya inveta ndiyo iliyonishangaza. Hakuna programu niliyoiona inayokupa aina ya betri ya inveta unapoifungua mara ya kwanza, kwa sababu waliokotoka programu hizo stima haikatiki kila juma. Sisi kwetu betri ndiyo kituo. Ikifa, hakuna darasa. Ina maswali yake kemkem: iliwekwa lini, ni ya kuongezwa maji au la, nani hukagua nguzo zake, nani atanunua nyingine. Aina yake ina visanduku sita na vyote vinajazwa.

Kwa wanaotaka kuanza leo, niseme jambo moja la kiufundi ambalo hunasa wengi. Katika Snipe-IT visanduku vyako unavikusanya kuwa seti, na seti hiyo huifungi kwenye aina, bali kwenye modeli. Yaani unaunda aina ya Diski, kisha modeli ya diski ya ukubwa fulani, kisha unaifunga seti kwenye modeli hiyo. Usipofanya hivyo visanduku havitaonekana na utadhani programu imeharibika. Nimewahi kupoteza jioni nzima kwa hilo. Na visanduku vya lazima viwe vichache. Ukimlazimisha mtu kujaza visanduku kumi na mbili huku darasa linamsubiri mlangoni, atajaza nukta kumi na mbili.

Sasa tuvuke Ngong Road twende Kawangware, maana huko nilikuta kosa la upande wa pili.

Ni shule moja ya kibinafsi upande wa Gatina. Mwalimu wao wa kompyuta alikuwa ameisoma programu mwenyewe usiku, bila kufundishwa na mtu, na kuiweka kwenye kompyuta ya shule. Nilimvulia kofia. Lakini alikuwa ameunda aina 43 kwa vitu 61. Kulikuwa na Laptopu Mpya (zilizonunuliwa 2019), Laptopu Mbovu, Laptopu ya Mwalimu Mkuu, Laptopu za Wafadhili, Laptopu Iliyokopeshwa, Vitu vya Stoo, na aina moja iliyoitwa Vitu vya Kanisa Ambavyo Tunatumia.

Nikamwuliza, "Mwalimu, mna laptopu ngapi hapa?"

Akacheka. "Inategemea, injinia."

Hakuwa mjinga. Alijua kwamba kila laptopu ina habari zake, akataka kuziandika, na mahali pekee alipopaona ni kwenye jina la aina. Tatizo ni kwamba hali ya kitu hubadilika. Laptopu ikiharibika alikuwa akiihamisha kutoka aina moja kwenda nyingine na modeli nyingine, na visanduku vya zamani vikatoweka kwenye ukurasa. Havikufutika, vimo ndani ya hifadhidata, lakini nani atavichungulia huko? Ikitengenezwa anairudisha, na katikati hapo kitu kimeshabadilika jina mara mbili.

Tulikaa Jumamosi mbili tukazipunguza aina 43 zikawa tisa. Ubovu ukaenda kwenye hali ya kitu, ambayo programu inayo tayari. Stoo na darasa vikaenda kwenye mahali. Na umiliki tukauundia kisanduku cha kuchagua, kwa sababu huku kwetu umiliki ndio wenye maneno. Kuna kitu cha shule, cha mfadhili ambacho hakiuzwi, cha kanisa ambacho Jumapili kinachukuliwa, cha mwalimu aliyeleta chake kwa wema. Hapo tukaongeza kisanduku cha pili: masharti. Projekta ya kanisa sasa ni projekta kama nyingine, na kwenye masharti imeandikwa kwamba Ijumaa jioni inatoka. Zamani kila Jumatatu iliandikwa kuwa imepotea!

Kuhusu mahali nina neno zaidi. Mitaa yetu haina nambari za nyumba, na kituo kinaweza kuhama chumba mara mbili kwa mwaka kwa sababu ya kodi. Na wakati mwingine si kodi: Julai 2018 tingatinga zilipita Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, na nyumba na shule zikabomolewa. Ukiwa umeziita aina zako kwa majina ya vyumba, siku kama hiyo daftari lako zima linakuwa uongo kwa asubuhi moja. Mahali pawe ni jambo la kubadilisha kwa mguso mmoja.

Jambo hili vijana wa Kibera walilifahamu kabla yangu. Mwaka 2009 ulianza mradi wa Map Kibera, ambapo vijana wa vijiji vya Kibera walitembea na vifaa vya GPS mkononi wakiichora mitaa yao kwenye OpenStreetMap, ile ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Kabla ya hapo, Kibera kwenye ramani za mtandaoni ilikuwa kama pengo. OpenStreetMap haina orodha iliyofungwa ya aina za vitu. Kila kitu hupewa lebo, na lebo mpya zinaweza kutungwa. Choo ni choo. Kama unalipia kuingia, hiyo ni lebo nyingine. Kama kinafungwa usiku, nyingine tena. Hakuna aliyelazimika kuunda aina iitwayo choo cha kulipia kinachofungwa usiku karibu na reli. Ukitaka kujua aina nzuri inavyoundwa, fuatana na mtu anayetembea akiuliza wenyeji wanatumia nini na kwa vipi. Mimi ningetembea hatua kumi tu ndani ya kile chumba cha Laini Saba ningeyaona yale magamba chini ya meza.

Najua baadhi yenu mtasema haya yote yangefanyika kwenye lahajedwali ya Excel. Mnayo haki, kiasi. Kama una vitu chini ya ishirini na mtu mmoja mwaminifu, nunua daftari la mistari dukani ulale. Lakini lahajedwali ya kawaida iliyohifadhiwa kwenye kompyuta moja haikumbuki. Mtu akibadilisha nambari kwenye mstari, ile ya zamani imekwenda, na hakuna ajuaye nani kaibadilisha. Kilichomwangusha kijana yule ni kukosekana kwa historia, na historia ndiyo hasa tunayoinunua (bure) kwa programu hizi.

Wengine watasema kosa si la aina, ni la watu kutoandika. Nimelisikia sana hili, hasa kutoka kwa wakubwa. Jamani, mtu alinijia akaniuliza aandike wapi! Watu huandika pale panapoandikika. Tumebandika karatasi ukutani yenye safu nne: tarehe, kilichotoka, kilikokwenda, jina. Stima iwepo isiwepo, intaneti iwepo isiwepo, karatasi inaandikika, na Ijumaa mtu mmoja anaingiza yote kwenye programu kwa nusu saa. Karatasi hiyo na programu zina majina yaleyale ya aina, neno kwa neno. Hilo limesaidia kuliko mafunzo yote niliyotoa.

Mtu ameniuliza pia kuhusu GLPI, programu huria ya Kifaransa iliyoanza mwaka 2003. Ni kubwa zaidi, ina na mfumo wa kupokea malalamiko ya watumiaji. Zamani ukitaka aina mpya kabisa ulihitaji programu-jalizi. Tangu toleo la 11, lililotoka mwaka 2025, unaweza kuziunda ndani yake moja kwa moja, na vibali na visanduku vyake. Ni jambo zuri. Ila namfikiria mwalimu wangu wa Gatina akipewa uwezo huo usiku mmoja bila usingizi, naogopa.

Jumamosi hii narudi Gatina kubandika vibandiko vilivyobaki, safari hii vya plastiki. Kati ya vitu 61 tumebakiza vinne, na kimoja chavyo ni betri ya inveta. Shule inasema ni ya mwenye nyumba kwa sababu waliikuta pale walipohamia. Mwenye nyumba anasema ni ya shule kwa sababu wao ndio wanaoitumia. Kisanduku cha mwenye mali kiko wazi mpaka sasa, na nguzo moja imeshaanza kuota kutu. Nimewaambia wote wawili waje saa nne.